Kibuyu cha Mikono Miwili

Ombeni alikuwa mtoto asiye na haraka. Alizaliwa kabla ya wakati wake, na hiyo ndiyo haraka pekee aliyowahi kuwa nayo. Baada ya hapo akawa kama mgeni aliyefika mapema kwenye sherehe, akaona bora ajinyooshe kidogo wakati wenyeji bado wanapika. Alikuwa mnene, mwenye macho makubwa matulivu, na alipolazwa mkekani alibaki pale pale alipolazwa. Watoto wa umri wake hapo Nshambya walikwishaanza kujiburuta hadi mlangoni na kula udongo. Yeye alitazama.

Mama yake, Yuster, alifuma masweta ya shule kwa mashine iliyokaa kando ya dirisha. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani, ukapita juu ya mji wa Bukoba, ukafika kwenye migomba ya nyuma ya nyumba na kuifuta mmoja mmoja mpaka dirisha likabaki jeupe tupu. Ndani ya weupe huo mashine ilikwenda na kurudi, na Ombeni, akiwa chali karibu na miguu ya mama yake, alifuata kwa macho nyuzi za buluu na kijani zikipanda juu bila kukoma. Mara nyingine Yuster alisimamisha mashine ili tu asikie anavyohema. Saa kama hizo alihisi kwamba wao wawili wamo ndani ya yai, na hakuna anayetaka lolote kutoka kwao.

Lakini kulikuwa na ule mkono.

Aliugundua wakati wa kumwogesha. Mkono wa kushoto ulipiga maji, ulishika sikio la mama yake, ulivuta kitambaa chake cha kichwani. Wa kulia ulikaa umefumba ngumi, kidole gumba kikiwa kimejificha ndani ya vingine. Ili kukisafisha kiganja chake Yuster ilimbidi avifungue vidole polepole, kimoja kimoja, na kila siku alikuta humo vumbi laini la sufu, la rangi ya sweta alilokuwa akilifuma siku hiyo. Alilipuliza, akaosha, na vidole vikajifunga tena taratibu, kama majani ya kifaurongo yakiguswa.

Alimpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia mjini, mwanamke aitwaye Renatha, mwenye chumba chenye godoro sakafuni, ambaye alifanya kazi peku na kuzungumza na watoto kabla ya kuzungumza na mama zao. Renatha alikaa chini na Ombeni kwa muda mrefu. Alimgeuza, akamkalisha, akamshika nyayo. Kisha akaeleza, bila kupunguza na bila kutisha, kwamba sehemu ya ubongo inayoongoza upande wa kulia iliumia kidogo mtoto alipozaliwa.

"Mkono huu haujafa, Mama Ombeni," alisema. "Umelala. Na mtoto mdogo hatuwezi kumwamrisha. Tunachoweza ni kumpa kitu anachokitaka sana, mpaka mkono wenyewe uone hauna budi kuamka."

Yuster alikuwa amejiandaa kuandikiwa dawa. Badala yake aliambiwa achague vichezeo, na achague kama mtu anayechagua mbegu. Kitu kiwe kikubwa kiasi kwamba mkono mmoja hautoshi, lakini kiwe chepesi. Kitoe sauti kikiguswa, ili hata juhudi ndogo ipate jibu. Kisiwe na kipande kinachoweza kung'oka na kuingia kooni. Kiwekwe upande wa kulia, kimoja tu kwa wakati, maana mtoto aliyezungukwa na vitu vingi hashughuliki na hata kimoja. Na alazwe kifudifudi mara nyingi akiwa macho, shingo na mgongo vipate nguvu.

Kitu kimoja Renatha alikikataza. Ni kile kigari cha plastiki cha duara ambacho wauzaji hukiita woka, mtoto hukalishwa katikati yake akaning'inia na kusukuma sakafu kwa ncha za vidole. Alisema mtoto anayening'inizwa hajifunzi kujibeba, na kwa Ombeni, ambaye hata mguu wake wa kulia ulikuwa umeanza kukaza, kigari hicho kingemzoesha kusimama juu ya vidole.

Kesho yake Yuster alishuka sokoni. Kwenye meza ya muuzaji mmoja aitwaye Gozbert vichezeo vilikuwa vimerundikwa hadi juu, vyekundu, vya njano, vya waridi, vyote vikimtazama kwa macho ya kuchorwa kwa rangi. Alisimama mbele yake kama mtu aliyeingia kwenye usingizi wa mtu mwingine. Kisha akafumba mkono wake wa kulia, akaficha kidole gumba ndani, na kwa ngumi hiyo akaanza kujaribu kuokota kitu kimoja baada ya kingine. Gari lilimponyoka. Mwanasesere aliteleza. Kiboko wa plastiki alianguka chini akalia. Gozbert alimuuliza kama mkono unamuuma. Yuster akasema hapana, huu mkono si wake.

Gozbert akainama chini ya meza akatoa mpira laini uliofumwa kwa kamba nyembamba za mpira, wenye matundu makubwa kama wavu. Ngumi ya Yuster iliugusa, na kidole kimoja kikanasa kwenye tundu. Akaununua huo.

Ombeni aliupenda mpira. Aliupenda kwa mkono wa kushoto. Yuster alipouweka upande wa kulia, mkono wa kushoto ulivuka kifua, ukauchukua, ukarudi nao kwao. Alijaribu kikapu kidogo, akajaribu sufuria nyepesi, akajaribu boksi la sabuni lililofungwa vizuri. Ule mkono mzima ulikuwa mjanja kama paka, na ule mwingine ulilala kando yake, umefumba, na vumbi lake la sufu.

Baba yake Ombeni, Sayi, alikuwa mvuvi wa dagaa kisiwani Bumbire, upande wa Muleba. Alikuwa Msukuma aliyelifuata ziwa tangu ujana, akamkuta Yuster kwenye mwalo wa kushushia samaki akinunua dagaa wa kuuza, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Dagaa huvuliwa kwa taa, giza likiwa nene. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo Yuster alizoea kuutazama mwezi kama watu wengine wanavyotazama ratiba ya mabasi. Ulipoanza kunenepa juu ya ziwa, alijua mume wake yuko karibu.

Alikuja mchana mmoja akiwa amebeba kitu kikubwa kilichofungwa kwa nailoni. Alisimulia jinsi alivyokipakata mashuani njia nzima ili mawimbi yasikiloweshe, na jinsi abiria walivyomcheka. Alikifungua kwa uangalifu. Kilikuwa woka, jekundu, lenye vitufe vya muziki mbele, alilomwagiza mfanyabiashara mmoja alilete kutoka Mwanza. Kisiwani alikuwa amemwona mtoto wa mfanyabiashara huyo akizunguka nalo kama gari, na tangu siku hiyo hakufikiria kingine.

Kabla Yuster hajapata neno, Ombeni alikwisha kalishwa ndani. Alishangaa kidogo. Halafu akasukuma kwa vidole vya miguu, na kigari kikarudi nyuma, kikaserereka sebule nzima hadi ukutani, na mtoto akacheka kicheko ambacho hawakuwahi kukisikia, kicheko cha kooni, kizito. Sayi aliketi sakafuni akapangusa macho kwa nyuma ya mkono.

"Anatembea," alisema. "Yuster, mtoto anatembea."

Yuster aliona visigino vilivyoning'inia hewani. Aliona ile ngumi imelala kati ya vitufe vya muziki, haigusi hata kimoja. Akasema chakula kinapoa.

Hakusema lolote juu ya kigari kwa siku zote ambazo Sayi alikuwa nyumbani. Mwezi ulianza kukonda, mume akarudi majini, na yeye akalipandisha woka juu ya kabati, likitazama ukuta. Sayi alipopiga simu kutoka kisiwani kuuliza gari linaendaje, alijibu kwamba mtoto hajambo. Ilikuwa kweli, na bado ilimkaa kifuani kama mfupa.

Alasiri moja alisinzia juu ya mashine. Aliota Ombeni yuko katikati ya ziwa ndani ya kigari chekundu, anarudi nyuma, anacheka, miguu yake haigusi maji. Yeye yuko ufukweni, ameshika ncha ya uzi wa sufu uliofungwa kwenye sweta la mtoto, na kadiri mtoto anavyokwenda ndivyo sweta linavyofumuka, mstari kwa mstari, bila kelele. Alipozinduka ukungu ulikuwa dirishani tena, na Ombeni alikuwa chini, anamtazama.

Mwezi uliofuata Sayi aliporudi hakukaa hata kunywa chai. Aliangaza macho sebuleni, akaliona woka juu ya kabati. Yuster akamweleza yote aliyoambiwa na Renatha: mguu, kisigino, mkono uliolala. Sayi alisikiliza akiwa amesimama.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" aliuliza.

"Ulikuwa umefurahi."

Sayi alikwenda dirishani, akampa mgongo.

"Mimi nilimnunulia kwa sababu sipo," alisema. "Nilitaka kiwepo kitu cha kumshika, wakati mimi niko majini."

Yuster alimchukua Ombeni mkekani, akaenda akamweka mikononi mwa baba yake, nao wakabaki hivyo dirishani watatu wote, mpaka kuku wa jirani walipoanza kurudi kulala.

Safari iliyofuata ya kwa Renatha walikwenda pamoja. Sayi alivua viatu mlangoni akaingia kwa hatua za mtu aliye kanisani. Renatha hakumsomea somo. Alimkalisha kwenye kigoda, akampandisha Ombeni juu ya paja la baba yake kama mtu anavyopanda farasi, kisha akamwambia baba aweke kiganja chake chini ya mguu wa kulia wa mtoto na angoje. Mwanzoni Sayi alihisi vidole tu, vikavu, vimekaza. Alingoja. Mtoto alichezea kifungo cha shati lake. Na polepole, kama kitu kinachozama majini, kisigino kilishuka kikatua juu ya kiganja, kizito, chenye joto.

"Kumbe paja langu linatosha," Sayi alisema, karibu kama anajisemea.

Jioni hiyo aliazima bisibisi akalifungua lile woka. Alitoa magurudumu, akakata kile kiti cha kitambaa, akaigongomea ile sehemu ya vitufe juu ya ubao wa chini ambao Ombeni angeufikia akiwa amelazwa kifudifudi. Alifanya kazi hiyo bila kinyongo, akipiga mluzi. Mtoto alibonyeza kitufe cha kijani mpaka Yuster akatamani betri ziishe.

Shule zilipofungwa na kazi ya masweta kupungua, walikwenda Ijumbi kwa mama yake Yuster, Ma Celina. Nyumba yake ilikuwa katikati ya kibanja, migomba na mibuni imeizunguka pande zote kiasi kwamba hata saa sita mchana mwanga uliingia umechujwa, wa kijani, na watu walionekana kama wako chini ya maji. Ma Celina alikuwa bado anatandika nyasi kavu sakafuni kama walivyofanya wazee wake. Alikuwa ametandika mpya kwa ajili ya mjukuu, na nyumba nzima ilinukia jua.

Ombeni alilazwa kifudifudi juu ya nyasi hizo, na jambo likatokea ambalo sakafu ya saruji ya Nshambya haikuwahi kulifanya. Nyasi zilimjibu. Aligeuza shingo, zikachakarika. Alivuta goti, zikachakarika. Alinyamaza, nazo zikanyamaza. Kisha akavuta goti tena, makusudi.

Ma Celina alimtazama kutoka mlango wa jikoni, akasema kwa Kihaya kwamba huyu mtoto anazungumza na nyumba. Yuster alimweleza habari za vichezeo na mikono miwili. Mama yake aliingia chumbani, akatoka na endeku, kibuyu kidogo cha kunywea rubisi, pombe ya ndizi, chenye shingo nyembamba na tumbo la mviringo, cheusi kwa miaka mingi ya kushikwa. Kilikuwa cha Ta Karugendo, baba yake Yuster, ambaye alikuwa amelala kaburini kwenye kibanja, upande wa juu. Ma Celina alitia ndani konzi ya buni kavu, akaziba mdomo kwa gunzi, akatikisa. Sauti ilikuwa kama mvua inayoanza mbali.

"Bojo, mpe," alisema kwa kumsihi. "Siku hizi hakuna anayekinywea."

Yuster alikigeuza mikononi. Alikijaribu kwa ngumi, kama alivyofanya sokoni. Ukikishika shingo kwa mkono mmoja, tumbo lilizunguka likaelekea kwingine; ili kukiinua ilibidi mkono wa pili uje chini. Ndicho alichokuwa akikitafuta. Lakini aliliogopa lile gunzi, na buni zikitoka zingeingia kinywani, basi akamrudishia mama yake na kusema hapana.

Sayi, ambaye kwa heshima ya mkwe alikuwa amekaa nje chini ya mbuni, alisikia yote. Aliomba kibuyu kiletwe. Alichonga kizibo cha mti, akakipima na kukipunguza, akakigongelea ndani kabisa, halafu akakifunga na shingo kwa uzi wa nyavu, fundo lile la wavuvi ambalo likilowa ndilo linazidi kukaza. Alilivuta kwa nguvu zake zote, akamwita Yuster naye avute. Kisha akasugua kila mahali penye mkwaruzo, akakiosha, akakianika juani. Hapo ndipo Yuster alipokubali.

Mvua ilinyesha alasiri. Ilianza upande wa ziwa, ikaja ikitembea juu ya migomba, ikafika kwenye bati na kuufunika ulimwengu wote uliobaki. Ma Celina alikuwa jikoni na moto wake. Sayi, mvua ikiwa imemwingiza ndani, alijilaza nyasini ubavu ubavu, Ombeni ameketi akiegemea tumbo la baba yake, na kibuyu kiko mbele yake, kulia kidogo. Yuster alikuwa ng'ambo ya pili, shavu juu ya mkono, kope zake zikimshinda.

Aliona kama kwa mbali mkono wa kushoto ukienda kukamata shingo ya kibuyu. Kibuyu kilizunguka, buni zikamwagika ndani kwa mlio wao mdogo, na Ombeni akatulia kuusikiliza. Akajaribu tena. Kikazunguka tena. Alitaka kukileta mdomoni, na kibuyu hakikutaka. Aliguna. Ile ngumi ya kulia ilisogea, ikajisugua kwenye tumbo la kibuyu, ikarudi nyuma, ikaja tena. Kidole gumba kilitoka nje. Halafu vidole vingine vikafunguka, si vyote na si kabisa, kama mtu anayefungua mlango kidogo aone nani anabisha, na kiganja, kile kiganja alichokiosha kila siku, kikateleza chini ya kibuyu na kukibeba.

Ombeni aliinua. Kibuyu kilifika mdomoni, na mvua ndogo ya ndani yake ikalia katikati ya mvua kubwa ya nje.

Yuster alijua kwamba anaota. Alitafuta dalili ya ndoto, kama mtu anavyotafuta mlango gizani: akatazama nyasi, akatazama maji yanayotiririka mlangoni kutoka kwenye bati, akatazama uso wa mume wake. Macho ya Sayi yalikuwa wazi. Alikuwa ameacha kuhema ili tumbo lake lisimtikise mtoto. Walitazamana juu ya kile kichwa kidogo, hakuna aliyethubutu kusogeza hata kidole.

Kisha kibuyu kikaanguka, ngumi ikafumba, na Ombeni akapiga miayo.

"Umeona?" Sayi alinong'ona.

"Nimeona."

"Nilidhani nimelala."

Siku zilizofuata hakurudia. Walimwekea kibuyu asubuhi, wakamwekea jioni, naye alikisukuma kwa mkono wa kushoto au akakiacha kabisa akachezea nyasi. Yuster alianza kuogopa kwamba labda ilikuwa ni mara ile tu. Halafu siku moja, akiwa anamenya ndizi za ebitoke na mama yake, walisikia buni zikilia kule ndani, mara moja, na mara nyingine, na Ma Celina akamshika goti asiinuke kwenda kuangalia. Wakaendelea kumenya, wakisikiliza.

Renatha alipoelezwa alicheka, akamwomba Ombeni amwonyeshe, na Ombeni akakataa. Renatha hakuwaficha kitu. Aliwaambia kwamba mkono huo utaamka na kulala tena, kwamba siku zote utakuwa nyuma ya mwenzake, na kwamba mguu utahitaji kiatu cha kuushikilia. Yuster alilia kidogo njiani kurudi nyumbani, si kwa uchungu hasa, bali kama mtu anayetua mzigo. Alijua sasa kitu chenyewe ni nini, na kitu unachokijua unaweza kuishi nacho.

Ombeni hakutambaa kama watoto wengine. Alijisogeza kwa makalio, mguu mmoja ukipiga kasia, na kwa njia hiyo alifika kila mahali alipotaka, pamoja na ndani ya kapu la sufu. Aliinuka akisimamia boksi lililojazwa mchanga, ambalo Sayi alilitengeneza zito makusudi ili lisimkimbie. Mwezi ulikuja na kuondoka, na kila ulipokuja baba yake alikaa sakafuni, paja lake tayari.

Msimu wa kahawa ulipofika walikuwa Ijumbi tena. Buni zilikuwa zimeanikwa uani, na asubuhi hiyo migomba ilikuwa bado inadondosha umande. Yuster alimsimamisha Ombeni mwanzoni mwa kibanja, akiwa na kiatu chake kipya, mkono wa kushoto umeshika mgomba, akageuka kuchukua kanga iliyoanguka. Alipotazama tena, mtoto alikuwa amekwisha nyoosha mkono wa kulia, kiganja nusu wazi, kuelekea mgomba wa pili. Aliuachia wa kwanza. Kulikuwa na nafasi kati ya mgomba na mgomba ambamo hakushika kitu chochote. Halafu kiganja kikagonga shina lililolowa, baridi, laini kama samaki, naye akalikumbatia.

Sayi alikuwa amechuchumaa mbele zaidi, kati ya majani makavu. Hakumwita. Kutoka jikoni Ma Celina alisema kwamba chakula kimeepuliwa, na hakuna aliyekwenda. Ombeni aliegemeza shavu kwenye mgomba, maji ya umande yakimtiririkia shingoni, akatazama huku na huku ni upi ulio karibu, kisha akaunyooshea mkono.